Mama Atieno Aliposomewa Neno "Recant"

Leo nimetafsiri neno moja la Kiingereza.

Jirani yangu hapa Ahero, Mama Atieno, alisema mwenyekiti wetu wa kijiji ameuza mahindi ya msaada wa mafuriko. Mwenyekiti akamwandikia barua: "recant" mbele ya baraza, la sivyo utatolewa kwa orodha ya msaada.

Asubuhi, barazani, Mama Atieno akanipa ile barua.

"Mwalimu, hii recant ni nini?"

"Ni kukana maneno yako hadharani."

Halafu ualimu ukaniponza. Nikaongeza kwamba neno lilitoka kwa Kilatini, na asili yake ni kuimba tena, kuimba kwa kurudi nyuma.

Mama Atieno akaikunja barua. Ana watoto wanne, na nyumba yake bado imejaa tope.

Akasimama.

"Kama ni kuimba tena, naimba. Bwana Mwenyekiti, magunia yalipakiwa kwa lori nyuma ya nyumba yako. Niliyaona."

"Mwalimu, mwambie maana yake!" mwenyekiti akafoka.

Nikamjibu, "Nimeshamwambia."

Hapo mlinzi wa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Okoth, akainua mkono.

"Ni mimi nilipakia."

Jamani, nyinyi mngethubutu?