Tarumbeta Lisiloogeshwa

Mume wangu huitwa Mapafu, kwa sababu akipuliza tarumbeta harusini hata mgonjwa huinuka akacheza. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuliosha. “Ukiliosha, sauti inakimbia,” ndivyo mwalimu wake alivyomfundisha, na bendi nzima inaamini hivyo. Mimi kwangu kikombe hakilali kichafu, lakini hilo dude nilikatazwa hata kuligusa.

Mwaka jana pumzi ikaanza kumkatika. Kikohozi hakiishi, na ngazi nne tu zilimkalisha chini. Daktari wa kifua akaona mapafu yamevimba kwa ndani, akamuuliza kazi yake, kisha akaagiza tarumbeta liletwe. Alipochomoa kipande kimoja, ukatoka ute wa kijani. Nikajifunika uso kwa aibu, kana kwamba ni sufuria yangu.

“Huenda bakteria wa humu ndio wanaokuchokoza mapafu, baba,” akasema. “Tumia dawa, pumzika miezi mitatu, na hili lioshwe.”

Nililiosha mwenyewe kwa sabuni, maji matatu, huku nikigomba.

Jumamosi iliyopita akarudi jukwaani, akapuliza sauti moja ndefu mpaka bibi harusi akasahau kutafuna. Wenzake wakamzingira. “Mapafu, sauti hiyo umeitoa wapi?”

“Muulizeni mama watoto.”

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango nikakuta bendi nzima, kila mmoja amekumbatia tarumbeta lake kama mtoto wa kliniki.

“Shemeji, tuoshee na sisi.”

Nikawapa sabuni, nikawaonyesha bomba la uani. “Sauti imekimbilia kule. Kaitafuteni.”