Hina Iliyovuka Likoni

Mji wa Kale wote ulijua kwamba Bi Nasiha havuki maji. Kazi yake ilikuwa kutia maharusi hina, na maharusi walimfuata kwake Kibokoni, kwenye chumba cha juu chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wa Kisauni walimjia, wa Changamwe walimjia, na wa Likoni walipanda feri wakamjia, wakaketi juu ya mkeka wake na kumnyoshea miguu. Yeye hakwenda kwa mtu.

Utotoni mamake alimchukua kwenda kuhani msiba Likoni. Walipofika penye mlango wa feri aliona ule mstari wa maji meusi kati ya chuma na saruji, maji yakipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Akaketi chini akalia mpaka akarudishwa nyumbani. Miaka ikapita, watu wakazoea. Aliyemwalika ng'ambo alicheka mwenyewe kabla hajajibiwa.

Kisha Zakiya akaposwa.

Zakiya alikuwa binti wa marehemu kaka yake, na Nasiha alimlea tangu hajaota meno. Harusi ingefanywa Kibokoni, hilo halikuwa na mjadala, lakini Nana, bibi yake Zakiya mzaa mama, alikuwa amelala kitandani Likoni hawezi hata kugeuka bila kushikwa. Zakiya akasema haolewi mahali ambapo Nana hatamwona.

"Basi nenda ukaolewe huko," Nasiha alimwambia. "Watia hina wamejaa Likoni."

"Mimi sitiwi hina na mtu mwingine, shangazi. Usipokuja nitatolewa mikono mitupu, watu wadhani nimefiwa."

"Usinitishe."

"Sikutishi. Nakwambia."

Nasiha alimjua mtoto aliyemlea. Akisema neno kwa sauti ile ya chini, limekwisha.

Abdulbasit, ndugu yake Zakiya, ndiye aliyepata njia: angemchukua shangazi yake kwa gari wazunguke nchi kavu, watokee Dongo Kundu, waingie Likoni kwa nyuma bila kuiona feri. Nasiha akakubali. Siku ya hina aliamka mapema akachekecha unga mara mbili, akauchanganya na chai ya rangi, ndimu, sukari kidogo na mafuta ya mkaratusi, akaufunika ulale. Aliuchanganya peke yake, kama alivyofunzwa na mamake: hina ya bi harusi haiingii mikono ya watu wawili. Aliyeichanganya ndiye huikoroga, na ndiye huitia. Mamake hakumwambia kwa nini, naye hakuuliza.

Baada ya adhuhuri alijipaka tone kiganjani, akangoja, akapangusa. Rangi ilikuwa imeshika vizuri, nyekundu ya kukolea. Hina ilikuwa tayari, na hina ikiwa tayari haingoji mtu. Ikipitwa na wakati wake hutoa rangi hafifu ya chai ya mgonjwa. Hapo ndipo simu ilipolia.

"Shangazi," alisema Abdulbasit, "gari limenizimikia huku Changamwe. Fundi anasema mpaka jioni."

"Na hina i tayari."

"Hata ukipata gari jingine, ukizunguka sasa hina itakufia njiani." Akashusha sauti. "Feri ipo."

Nasiha akakata simu. Alilitazama bakuli muda mrefu. Kisha akalifunga kwa leso, akavaa buibui, akateremka ngazi akiwa amelipakata kama mtoto.

Tuktuk aliyoipanda ilipita mbele ya Ngome ya Yesu. Wageni walikuwa wamesimama juani, vichwa wameviinua, wakitazama ukuta ambao Nasiha huupita akienda kununua mkate. Walikuwa wametoka ng'ambo ya bahari ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Akaona haya, akatazama upande wa pili.

Penye feri watu walikuwa wengi kuliko aliowahi kuwaona mahali pamoja, na kila mmoja alijua anakokwenda. Firimbi ikapigwa, umati ukaanza kuteremka ule mteremko wa saruji, naye akateremka nao, mpaka akauona mstari wa maji. Ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote. Akasimama. Watu wakamgawanyikia kushoto na kulia.

"Mama, unaziba njia," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kikapu kilichojaa mboga za soko la Marikiti na beji ya kazi ikining'inia shingoni. "Kwani unangoja nani?"

"Simngoji mtu. Natazama maji."

"Ni maji tu, mama. Wewe ni mgeni hapa?"

"Mgeni?" Nasiha akageuka. "Nimezaliwa Kibokoni, na mamangu, na bibi yangu!"

"Na hujawahi kuvuka?"

"Nilikuwa na shughuli."

Yule mwanamke alicheka mpaka kikapu kikatikisika. "Mimi ni Kasyoka. Nimetoka Machakos, ambako mto wenyewe unakauka, na nimepewa kazi ya kumvusha Mswahili bahari! Lete mkono. Usitazame chini, nitazame mimi. Ehe. Mguu. Na wa pili."

Akawa ndani. Hakujua ni mguu upi uliotangulia.

Alichokifanya ni kukishika chuma cha ukingo kwa mkono wa kuume, bakuli akalikumbatia kwa wa kushoto. Mlango ukainuliwa kwa kelele, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake, na kisiwa kikaanza kuondoka. Alifumba macho. Alipoyafumbua feri ilikuwa imesimama katikati ya maji.

"Imeharibika?" aliuliza.

"La, meli inaingia Kilindini. Meli kubwa hupita kwanza."

Jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa mkavu. Nasiha alifungua ncha ya leso kwa meno, akachungulia. Hina ilikuwa imeanza kufanya ukoko pembeni, na juu imepasuka kama tope la ziwa lililokauka. Akilini alimwona Zakiya ameketi mikono mitupu katikati ya wanawake.

"Inakauka," alisema. "Inataka ndimu na kukorogwa. Sasa hivi."

"Ndimu ninazo," Kasyoka akasema, akaanza kupekua mboga. "Nipe nikukorogee."

"Haikorogwi na mtu mwingine. Ni ya bi harusi."

"Basi achilia hicho chuma ukoroge mwenyewe."

"Nikikiachilia nitaanguka."

"Utaangukia wapi, mama? Tumebanana hapa kama mahamri karaini!"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nasiha hakucheka. Aliuamuru mkono ufunguke, nao ukakataa. Vidole vilivyochora maua ya miguu ya maharusi wa mji mzima vilikuwa vimeganda pale kama si vyake.

Ndipo jua likazimika.

Aliinua uso. Ukuta ulikuwa unapita. Ulitoka upande wa bahari kuu, mwekundu wa kutu chini na mweusi juu yake, ukapanda, ukazidi kupanda, na juu yake tena makasha yakapangwa moja juu ya jingine kama nyumba za mtaa mzima zilizoamua kuhama siku moja. Haukuwa na mwisho. Haukuwa na haraka. Chuma kile chote, chenye uzito ambao hakuna kichwa cha kuuwaza, kililala juu ya maji yale yale aliyoyaogopa, nayo maji yakakibeba bila hata kunung'unika. Juu kabisa, penye ukingo, mtu mdogo kama punje ya mchele aliinua mkono akawapungia.

Feri nzima iliinua nyuso, hata wale wanaovuka kila siku. Kisha meli ikalia, mlio mmoja mzito uliopita kwenye mifupa ya kifua.

"Subhanallah," Nasiha alisema. Alikuwa anampungia yule mtu.

"Mama," Kasyoka alimwambia polepole. "Mkono wako."

Nasiha akautazama. Ulikuwa hewani, mtupu, haujashika kitu, na yeye alikuwa amesimama. Ukuta wa meli ukamalizika, jua likarudi, na nyuma ya mkono wake akakiona kisiwa: majani yake ya kijani, paa zake, mnara wa msikiti mweupe, na maji yamekizunguka huku na huku kama mtu anayekumbatia. Alikuwa amelitamka neno kisiwa maisha yake yote. Hakuwahi kukiona.

"Nikamulie," alisema.

Kasyoka akaiuma ndimu, akaikamua juu ya bakuli, bila kidole chake kugusa hina. Nasiha akaingiza mkono wa kuume, akakoroga, feri ikianza kutembea tena na mawimbi ya meli yakiwapandisha na kuwateremsha. Ukoko ukalainika. Harufu ya mkaratusi ikawaenea watu, na mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Ya harusi hiyo?" Hakungoja jibu. Akapiga kigelegele, mwingine akampokea, na feri ikafika Likoni ikipigiwa vigelegele vya bi harusi asiyekuwemo.

Nyumbani kwa Nana walikuwa wamekwisha kata tamaa. Zakiya alipomwona mlangoni, na mkono umejaa hina mpaka kifundoni, alinyosha viganja vyake tu, vimetulia, vyeupe. Kutoka kitandani Nana akauliza, "Nani huyo?"

"Nasiha."

"Uongo. Nasiha havuki."

Akaketi mkekani. Kwa kawaida alianza na maua ya asumini, kisha majani yake. Safari hii alichora duara dogo katikati ya kiganja cha kulia, akalizungushia mistari ya mawimbi, mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mistari ikafika vidoleni.

Zakiya akainama kutazama. "Ua gani hili, shangazi?"

"Si ua. Usitikise mkono." Nasiha akaupuliza mchoro taratibu. "Ni kwetu. Kisiwa chetu, nimekiona leo."