Pikipiki Iliyokimbiza Ng'ombe

Juzi nilishuka Butiama kutoka Musoma, nikachukua bodaboda kwenda nyumbani kwa marehemu bibi. Kila dereva aliposimama kupisha ng'ombe, pikipiki ilizimika. Akalalamika kwamba fundi ameshapandisha mara tatu sailensi, yaani ule muungurumo mdogo wa pikipiki ikiwa imesimama bila kuzimwa. Nikacheka peke yangu. Ugonjwa ule, rafiki yangu, naujua tangu nikiwa msichana wa darasa la nne.

Mama yangu alikuwa bwana shamba. Ndiyo, mwanamke, lakini wakulima wa pamba walimwita hivyo hivyo naye akaitika. Ofisi ilimpa pikipiki ya kuzungukia Buswahili na vijiji vya jirani. Jioni akirudi, bibi aliisikia ikiwa bado kule kwenye kona, na hapo hapo aliinjika maji ya ugali. Mama akiingia uani, maji yanatokota na dagaa wameshaungwa na nyanya.

Kisha pikipiki ikaanza kuzimika. Mama akisimama tu, injini kimya. Fundi wa sokoni akaja na bisibisi, akakaza skrubu ya sailensi. Ikazimika tena, akakaza tena. Mwishowe ikawa inapiga kelele hata ikisimama, gasketi inayoziba ekzosi ikaungua, ikawa inalia kama bunduki. Ng'ombe wa Buswahili wakakata kamba. Kwetu ukichelewa mkutano utasamehewa, lakini kumtimulia mtu ng'ombe wake, hapana.

"Wewe tunakupendaga, bwana shamba," wazee walimwambia, "ila hilo lidude lako usilete tena huku."

Ofisini nako bosi akasema pikipiki isiyofika vijijini atapewa mwingine, na mama ahamie Musoma akakae na mafaili. Niliogopa sana. Mama wa Musoma angekuwa mama wa mwisho wa mwezi.

Bibi hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake. Lakini ng'ombe wake akigoma kula, hakukimbilia dawa. Aliuliza kwanza anagomea wapi, kambani au malishoni. Jioni moja, akichambua mboga, akamwuliza mama: "Hiyo inazimikaga ikiwa imefungwa au ikiwa imeachiwa?"

Mama akacheka. Mimi lile swali lilinikaa kichwani, nikamsumbua mpaka akakubali tujaribu. Tukaiwasha bila gia, imeachiwa: ikanguruma hadi nikachoka kungoja. Mama akabana klachi, akaweka gia ya kwanza, akashika breki: ikasukuma mbele, ikazimika. Tukarudia, ikazimika vile vile.

"Mama, klachi si umeibana? Mbona inataka kwenda?"

Akanitazama, kisha akashika mkono wa klachi. Ulicheza kama jino bovu. Waya ulikuwa umelegea, klachi hata ikibanwa ilikuwa haiitenganishi injini na gurudumu, na wiki zote zile tulikuwa tunakaza skrubu isiyo na kosa. Mama akaukaza waya, akabakiza mchezo mdogo tu, unene wa sarafu, akashusha sailensi. Kesho yake fundi akabadilisha gasketi na kukaza nati za ekzosi zilizokuwa zimelegea tangu zamani, safari hii bila maneno mengi. Tukaipitisha pikipiki mbele ya ng'ombe mweusi wa bibi, mwoga kuliko wote. Akaendelea kucheua. Nilishangilia kwa kelele hadi mimi ndiye nikamshtua.

Buswahili wakampokea mama, na pikipiki ikabaki kwetu. Lakini jioni ya kwanza aliyorudi nayo, jiko lilikuwa halina moto. Bibi alikuwa amesimama njiani, kanga mkononi.

"Sijakusikia," alisema. Kumbe miaka yote hiyo kelele ile ndiyo iliyokuwa ikimtuliza, na sisi tulikuwa tumeinyamazisha. Tangu siku hiyo mama alipiga honi mara mbili kila alipofika kwenye kona.

Basi juzi nilimshusha yule dereva, nikamkazia waya kwa vidole. Pikipiki ikatulia.

"Dada, umejifunzia wapi?"

"Kwa bibi yangu. Hata baiskeli hakujua kuendesha."

Tulipokaribia kona nikamwomba apige honi mara mbili. Akapiga bila kuuliza. Nikajikuta natazama paa la jiko la bibi, nangoja moshi.