Chupa Ilipasuka, Wakaniambia Nirudi

Chupa yangu ya uzazi ilipasuka mchana, nikifua nguo nyuma ya nyumba yetu ya Kibati. Maji yalinitiririka hadi miguuni, lakini uchungu haukuja. Mama mkwe alinipakia kwenye pikipiki, tukashuka Goma hadi hospitali ya uzazi.

Muuguzi wa mapokezi hakunipima chochote. "Mama, rudia kwanza ku nyumba," aliniambia. "Ni mimba ya kwanza, mutoto angali mbali. Utakuja wakati uchungu itakukamata."

"Maji imeisha kupasuka," mama mkwe akamjibu. "Atangoja mpaka lini?"

"Mpaka uchungu."

Barabara ya Kibati hufungwa wakati wowote kwa sababu ya risasi za vita, naye alitaka nikangojee huko! Nilikaa kwenye benchi nikakataa kuondoka.

Jioni aliingia zamu mkunga. Aliuliza maji yana rangi gani, akasikiliza moyo wa mtoto, akanipima joto. Nilikuwa na homa. Alitueleza kwamba wanawake wengi hushikwa na uchungu ndani ya siku moja chupa ikishapasuka, lakini vijidudu vinaweza kupanda tumboni, kwa hiyo mama huangaliwa, haachwi. Akanichoma dawa, akanitundikia serumu, yaani dripu ya kuleta uchungu.

Binti yangu alizaliwa asubuhi, mzima. Jirani zangu husema nimshukuru Mungu, na ninamshukuru. Lakini maelezo yale mafupi yangeweza kutolewa mchana, na hakuna aliyewahi kuniomba radhi.