Nembo Iliyopakwa Nyeusi

Miaka ya hamsini, nikiwa fundi rangi kwenye gereji moja ya mtaa wa Gerezani, nilishiriki kumvunja mkono shemeji yangu. Chuma sikukiinua mimi. Mimi nilishika brashi, kisha nikafunga mdomo.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge. Gari lenyewe lilikuwa la fahari, la zamani, boneti yake imefungwa kwa mkanda wa ngozi, na juu ya rejeta ilikaa nembo yenye mbawa mbili. Katikati ya mbawa palikuwa pekundu. Tulidhani ni urembo tu. Nani angetuambia kwamba bluu ni gari la kawaida, nyekundu ni lile la mbio, kijani ni machache mno, na nyeusi ni gari jingine kabisa? Wenye magari walijua. Sisi tuliolala chini yake tukidondokewa na oili usoni hatukuwa na habari.

Mzungu akapata habari kwamba baba yake amekufa, akapanda meli kwenda kwao. Shemeji alikuwa mtu wa Kariakoo hasa, hapitwi na msiba hata wa mtaa wa pili, na ilimkera kwamba bwana wake ameondoka bila kupewa pole. Siku moja kabla ya meli kurudi akaja gereji.

"Shemeji, bwana kafiwa na mzee wake, halafu mimi nikampokee bandarini na wekundu mbele kama naenda arusini? Wenyewe wakifiwa hufunga kitambaa cheusi mkononi, nimewaona. Nipakie nyeusi hapo kati. Akiiona tu atajua tuko naye."

Nililisifu wazo lile. Nikapaka rangi ya mafuta mara mbili, juu kwa juu, bila kukwangua ile nyekundu.

Kesho yake mchana gari likaingia uani kwa kishindo. Aliyeshika usukani ni Mzungu. Shemeji alikaa pembeni, shavu limevimba, puani damu. Kipigo kilikuwa kimeanzia bandarini.

"Nani napaka hii?" Mzungu akafoka.

"Mimi, bwana," akasema shemeji.

"Watu itasema mimi nabandika nembo ya uwongo! Hii gari ya nani sasa?"

"Ni kwa ajili ya marehemu mzee, bwana. Ni pole yetu."

Hapo ndipo alipopandwa na wazimu. Alichomoa hendeli ya kuwashia gari, akampiga begani. Shemeji akaanguka. Akainua mkono kukinga kichwa, hendeli ikatua juu ya mkono, nikasikia mfupa. Mzungu akarudia palepale, na akarudia tena.

Mafundi sita tulisimama tukitazama. Mkononi mwangu nilikuwa na kitambaa kilicholowa tapentaini. Rangi haijakauka sawasawa, nyekundu iko salama chini yake. Maneno mawili tu, "Bwana, inafutika," yangetosha. Niliogopa hendeli isinigeukie mimi. Shemeji alinitazama mara moja, akageuza macho upesi ili Mzungu asiyafuate.

Mzungu alipochoka kupiga, nikasogea nikafuta. Wekundu ukarudi unang'aa. Akainama, akaukagua, akasema, "Vizuri," akanipa sigara. Niliipokea. Nimejichukia kwa mengi maishani, lakini kwa sigara ile zaidi.

Mfupa uliunga upande, na shemeji hakushika usukani tena. Kila tulipokaa kula kwao, dada alimlaani yule mshenzi aliyepaka rangi ile, akimlaani yeye na mikono yake. Shemeji humwambia, "Muache, mke wangu, alikuwa fundi wa kupita tu." Kisha ananinyooshea ule mkono mzima, nimmiminie maji anawe.