Samli ya Nura kwenye Keki ya Madame

Mwaka wa pili wa ambargo, Bujumbura nzima iliacha mayai, maziwa na siagi bila kuombwa. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka ili wakubwa wetu wapate adabu. Wakubwa wakaendelea kunenepa. Adabu wakaipata kuku. Kwa hiyo Asiya wa Buyenzi alipoambiwa kwamba kule Kinindo kuna mzungu asiyegusa kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, tena kwa hiari yake mwenyewe, aliuliza jambo moja tu.

"Amemukosea nani?"

"Hakuna mutu," alisema Zénon, dereva wa huyo mzungu. "Ni roho yake. Yai apana, maziwa apana, hata asali apana. Anasema ni ya nyuki."

"Na sisi tunaokula mihogo mikavu toka Januari, mbona hakuna anayetusifu?"

"We umenyimwa, Mama Gato. Yeye amekataa. Iko tofauti."

Jina la Mama Gato, yaani Mama Keki, Asiya alilipata enzi za amani, wakati hakuna harusi Buyenzi iliyofungwa bila keki yake. Siku hizi alikaanga mandazi ya unga na maji, magumu kiasi cha kuzibia tairi, na mumewe Massoudi, ambaye ni fundi magari, aliwahi kutishia kulijaribu moja gereji.

Sasa Zénon alikuwa amekuja na neno. Madame Lieve, mkubwa wa shirika fulani la dawa, alikuwa na wageni Jumamosi jioni na alitamani brauni: keki ya kakao isiyoumuka, nzito kama tofali, inayokatwa vipande vya kushika mkononi. Ila isiwe na kitu cha mnyama. Mpishi wake, kusikia keki bila yai, alidhani ameachishwa kazi kwa mafumbo na hakurudi tena.

"Na Jumamosi hiyohiyo," Zénon akashusha sauti, "gari inapanda Mutakura kupeleka dawa. Ukimupikia vizuri, ameniambia atakubeba. Tutamuchukua Nura."

Asiya akakaa chini palepale, juu ya gunia la makaa.

Nura alikuwa binti yake wa pekee, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa kuzaa. Desturi ya kwao haina mjadala: mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti. Lakini Nura alikuwa peke yake Mutakura, mtaa wa upande mwingine wa mji. Mumewe Yaseen alikwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, kutafuta bidhaa, ziwa likafungwa nyuma yake. Usiku kule risasi zilisikika mpaka Ngagara, na mchana dereva wa teksi ukimtajia Mutakura alikutazama kama umemtukania mama. Kilichobaki kuvuka vizuizi ni gari jeupe lenye bendera, na magari hayo kwa kanuni hayapakii raia. Yalipakia dawa, magodoro, hata mbwa wa mkurugenzi. Raia, hapana.

Madame alikuja mwenyewe siku iliyofuata, mrefu, mwembamba, viatu vya kamba. Akampa Asiya mkono. "Hakuna mnyama, sawa?"

"Wallahi," Asiya akasema, kiganja kifuani, "hakutaingia kitu cha mnyama."

Zénon akatafsiri kiapo kile kwa Kifaransa, nacho kikapoteza nusu ya uzito wake njiani.

Ijumaa baada ya sala Asiya akaanza. Mahali pa yai aliponda ndizi mbivu zilizoanza kuwa na madoadoa, zile ambazo muuzaji huzitoa kwa aibu. Mahali pa siagi akatia mafuta ya pamba. Karanga alizikaanga, akazitwanga nusu, nusu akaziacha nzimanzima zipate kuliwa kwa heshima. Kakao ilitoka dukani kwa Moosa, kopo la mwisho, limeshikana kama saruji. Alilivunja kwa mchi. Bikaboneti kijiko, siki matone kadhaa, povu likapanda, akavuta pumzi. Kila alipokoroga alimwona Nura amekaa kizingitini, mkono kiunoni, akisikiliza barabara. Uchungu ukianza kabla ya gari kufika? Na gari lisipofika kabisa?

Akapaka sinia, akamimina, akafunika, akaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akakaa kuyalinda kama mahabusu. Keki ikatoka nyeusi, inang'aa, imepasuka juu kama ardhi ya kiangazi. Massoudi akaomba kipande cha ukingo. Akapigwa mwiko.

Jumamosi asubuhi Zénon akaingia uani kuichukua. Madame alibaki garini, barabarani. Zénon akainama juu ya sinia, akafumba macho.

"Yoo! Mama Gato, hii harufu! Kama kwa bibi yangu. Samli hii umeipata wapi?"

Asiya akacheka. Kisha hakucheka. Akageuka polepole kutazama rafu.

Kopo la samli lilikuwa wazi.

Lilikuwa limetoka kwa shangazi yake wa Rumonge, kabla ya barabara kuharibika, nalo lilikuwa haramu kwa kila mtu wa nyumba ile, Massoudi akiwa wa kwanza. Lilikuwa la Nura: samli ya uji wa mzazi, ule wenye pilipili manga, anaonyweshwa mwanamke akishajifungua ili mgongo urudi mahali pake. Jana yote mawazo yalikuwa kwa Nura, na mkono, ambao kwa miaka thelathini haujawahi kupaka sinia kitu kingine, ukajiendea wenyewe. Bismillah, vidole viwili, samli. Wala kichwani mwake haikuwa imewahi kuwa kitu cha mnyama. Maziwa ni ya ng'ombe. Samli ni ya mama.

"Nimeapa," akasema. "Massoudi, nimeapa kwa Mungu!"

"Pika ingine."

"Kwa kakao gani? Na gari iko inje!"

Massoudi akajikuna kidevu kwa kidole chenye grisi. Madrasa aliiacha mapema, lakini yale machache aliyoyabeba aliyatunza kama spana.

"Panya akianguka ndani ya samli iliyoganda, tulifundishwa nini? Unamutoa panya, unatoa na samli ya pembeni yake, inayobaki unakula."

"Sasa panya iko wapi hapa?"

"Hapa samli ndiyo panya."

Asiya akamtazama mume wake kama mara ya kwanza. Akachukua kisu. Akakata kingo pande zote nne, vidole viwili ndani, kisha akaigeuza keki na kuichuna tako kama anavyochunwa mbuzi. Kingo na makombo ya chini akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Katikati, pakavu, pasipo na hatia, akapanga kwenye boksi la Madame. Sheria ya panya ilitosha kwa keki. Kwa kiapo hakuwa na hakika.

Akapanda kiti cha nyuma, mfuko mapajani. Kuuacha mfuko na Massoudi kulikuwa sawa na kuumwaga.

Madame akafungua boksi, akatabasamu, kisha akauliza kitu. Zénon akageuza shingo. "Anauliza kingo ziko wapi. Anasema kwao watu wanagombania kingo."

Asiya akatazama nje. Ngagara ilikuwa inapita, nyumba zake za namba zimefunga madirisha. Angeweza kusema mume wangu amekula, nani angebisha? Zikapita nyumba za mwisho za Ngagara. Lakini alikuwa anaenda kumchukua mwanamke wa kuzaa, na mama yake mwenyewe alikuwa akisema uwongo unaosemwa njiani humsubiri mtoto mlangoni.

"Mwambie ziligusa samli. Mkono umenikosesha. Nimekata zote. Katikati ni safi, kama ile habari ya panya."

Zénon, Mkristo mwaminifu na mtafsiri mwaminifu zaidi, akatafsiri yote. Panya naye hakumruka.

"Panya?" Madame akapaza sauti. "Ndani ya keki? Simama!"

Gari likasimama katikati ya barabara tupu, mita chache kabla ya kizuizi cha Mutakura. Dereva yeyote wa mji ule alijua kwamba mahali pa kusimama ni kwenye kizuizi, au nyumbani kwako. Askari wawili wakanyanyuka. Mmoja akaja, bunduki mbele, macho mekundu ya kukesha.

"Mbona mumeogopa kufika?"

Zénon akainua mikono. Madame alikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Asiya akaliona akilini tumbo la Nura likirudi ndani, mlango ukifungwa, gari likigeuka. Akashusha kioo.

"Mwanangu, tulisimama kukufungulia hii." Akamnyooshea mfuko.

Askari akanusa. Akatia kingo mdomoni. Akatafuna, akaacha kutafuna, akatazama juu.

"We mama! Hii ni samli!"

"Ni samli," Asiya akasema, na hapo kidogo alie.

"Toka Pasaka sijaonja samli." Akamwita mwenzake, na bunduki zikaning'inia migongoni kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Hakuna aliyeuliza karatasi. Kamba ya kizuizi ikateremshwa na mtu mwenye makombo kwenye sharubu.

Zénon akaendesha na kueleza upya, safari hii panya akiwa wa mfano. Madame alisikiliza, uso umekaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama samli ile ilikuwa imetunzwa kwa ajili ya siku nyingine, jambo jingine. Asiya akachora tumbo kubwa hewani kwa mkono, akaonyesha nyumba ya bluu mbele, na kizingitini Nura, mkono kiunoni, kama alivyomwona jana yote.

"Mama, mbona mumechelewa? Nina njaa mpaka mutoto anapiga teke," Nura akasema, akijipandisha garini kipande kwa kipande. Hakusalimia mtu. Aliona boksi.

"Ni ya wageni!" Asiya akapiga kelele.

Madame Lieve akaliinua boksi, akaliweka juu ya mapaja ya Nura. Mpaka wanafika Buyenzi halikubaki hata punje, na wageni wa Kinindo jioni ile walikaribishwa karanga, ambazo hazina mama.

Kiapo kilibaki. Massoudi alikumbuka kwamba kafara ni kulisha maskini kumi, lakini mwaka ule maskini kumi wangeanza na wao wenyewe. Asiya akafunga saumu siku tatu. Ya tatu ilikuwa bado haijaisha mtoto alipolia ndani, na Mama Gato, tumbo tupu, midomo mikavu, alikoroga uji wa pilipili manga akalikwangua kopo lile hadi chini, vidole viwili, bila kuvilamba.