Anayeitika Jina la Babu

Usiku ule wa kuamkia siku ya kutia saini nililala na fomu chini ya mto, usingizi ukinijia na kuniacha. Mnara wa vita pale bomani ulikuwa na majina ya Wazungu watupu. Sasa serikali ilitaka kuwaongeza askari wetu waliofia Burma. Katika daftari lao la zamani alikuwamo babu yetu, Kasimu, nasi tulitakiwa kutia saini fomu ili jina lake lichongwe. Lakini Babu hakufia Burma. Nilimuuguza mwenyewe uzeeni mwake, hapa hapa nyumbani. Jumbe alipomwandika Babu kwenda vitani, Bibi alikuwa mjamzito, basi akaenda mdogo wake, Daudi, akiitika jina la kaka yake. Hakurudi.

Nilitaka kusema ukweli, ila karani alikwisha kuonya: jina lisilo daftarini halichongwi. Jioni mdogo wangu Hamisi alinicheka. "Dada, wewe tia saini tu. Babu kafa mara mbili, kapata makaburi mawili. Wangapi wana bahati hiyo?"

Nikasinzia. Nikajiona nimepanga mstari katika ile shule niliyoiacha darasa la tano, wazazi walipofariki nikabaki na wadogo zangu. Nimevaa sare, nami mtu mzima, nyayo zinaniwasha, siwezi kutulia. Mwalimu anaita majina. Namtazama vizuri: ni sajini, na uwanja ni ukingo wa mto, matope mpaka magotini. Kando yangu amesimama Babu. Nataka kumwamkia, shikamoo haitoki.

"Kasimu!" anaita sajini.

Babu hafungui mdomo. Ng'ambo ya mto sauti ya kijana inaitika: "Nipo!"

Sajini anaita tena, na tena, na kila mara yule kijana anaitika, sauti ikizidi kukauka, kama mtu aliyesimamishwa juani asipewe ruhusa ya kukaa. Naingia majini nimfuate. Maji yanageuka kitanda cha Babu, shuka zimelowa. Babu amekaa juu yake, ananishika mkono.

"Umemsikia?" anasema. "Mpaka leo hajaambiwa apumzike. Na ninyi mnataka aitike jina langu milele."

"Babu, wakikataa kumwandika?"

"Mwite wewe."

Niliamka nikiita, "Daudi! Daudi!" Kulikuwa kumekucha. Hamisi alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni.

"Dada, unamwita nani?"

"Mdogo wake Babu. Nipe kalamu."

Nikalikata jina la Kasimu kwenye fomu, nikaandika Daudi juu yake, kwa mwandiko wangu ule wa darasa la tano. Hamisi akatikisa kichwa.

"Wataturudisha, Dada."

"Waturudishe," nikamwambia, huku nikijifunga kanga. "Kesho tutakwenda tena."